Somo: Kuomba faili lako la matibabu na kulinda siri zilizomo

Faili ni mali ya hospitali, lakini taarifa zilizoandikwa ndani yake zinakuhusu wewe, na una haki ya kuzijua. Azimio la Lisbon la Chama cha Madaktari Duniani, lililopitishwa mwaka 1981 na kurekebishwa baadaye, linaitambua haki hiyo. Omba ukiwa mzima, usingoje ugomvi.

1. Andika barua, usiishie kuuliza dirishani. Taja namba ya faili, tarehe za matibabu na unachotaka hasa: maelezo ya daktari, majibu ya maabara, picha za eksirei pamoja na ripoti zake. Ukiomba "faili" tu, unaweza kupewa muhtasari wa ukurasa mmoja. Baki na nakala iliyogongwa muhuri.

2. Nenda na kitambulisho.

3. Uliza muda na ada. Marekani kanuni za HIPAA, sheria inayolinda taarifa za afya, zinaipa hospitali siku 30. Umoja wa Ulaya ni mwezi mmoja, na nakala ya kwanza ni bure.

4. Soma mstari kwa mstari, ukianzia kwenye mzio. Hapa ndipo penye hatari kubwa: faili likisema "hana mzio" wakati penisilini inakuvimbisha uso, daktari wa zamu ya usiku ataamini faili. Omba marekebisho kwa maandishi. Kosa halifutwi, hukatwa kwa mstari mmoja likabaki linasomeka, kisha huandikwa taarifa iliyo sahihi, pamoja na tarehe na saini.

5. Usisaini ruhusa ya kutoa "taarifa zote". Andika ni taarifa zipi, za kipindi gani, apewe nani.

Maswali ya wanachama

— Mwalimu, asante kwa somo. Mume wangu anaweza kuchukua majibu yangu bila mimi kujua?
Hapana, dada. Ndoa peke yake haimpi ruhusa hiyo. Mwandikie ruhusa ukitaka achukue.

— Mwajiri anataka kujua naumwa nini.
Kwa kawaida cheti kinachosema unahitaji mapumziko ya siku kadhaa kinatosha. Mwombe daktari asiandike jina la ugonjwa.

— Nahisi jirani yangu, muuguzi pale ninapotibiwa, amelifungua faili langu.
Mifumo mingi ya kompyuta huhifadhi jina la aliyefungua faili, siku na saa. Mwandikie mkuu wa hospitali ukiomba orodha hiyo ikaguliwe. Kuwa muuguzi hakumpi ruhusa. Anayeruhusiwa ni anayekuhudumia.