Jinsi ya kumfuatilia askari wa kujitolea wa Texas ukiwa hapa Malindi

Waungwana, huku kwetu ardhi ni jambo la moyoni, kuanzia Malindi mpaka Mpeketoni kila mtu anajua uzito wa hati, ndo maana naipenda sana hii historia ya wale vijana walioenda kupigania Texas ijitenge na Mexico 1835 na 1836 alafu wakabaki hukohuko wakawa walowezi. Ukitaka kumjua mmoja ingia saiba au tumia simu yako, ila usianze na vita, anza na shamba.

Pata jina, liandike kwa kila spelingi unayoweza kufikiria, manake makarani wa enzi hizo waliandika walivyosikia. Alafu fungua tovuti ya Texas General Land Office, yaani ofisi ya ardhi ya jimbo la Texas, faili nyingi zimeskaniwa. Sasa angalia ekari, hapo ndo penye utamu: askari alipewa ekari 320 kwa kila miezi mitatu ya utumishi mpaka kufika 1,280, na waliopigana kwenye vita vya San Jacinto tarehe 21 Aprili 1836 wakaja kupewa zingine 640, kwa hivo zile ekari za utumishi zinakudokezea alikaa jeshini muda gani.

Cheti cha kupewa ardhi pekee hakitoshi kabisa, wengi waliviuza vyeti vyao kwa walanguzi bila hata kulikanyaga shamba. Tafuta kaunti, ramani ya mpimaji, na rekodi za kodi, jina likirudi mwaka baada ya mwaka basi huenda kweli alihamia. Na tafadhali usiache kuuliza nani alikuwepo pale kabla yake, Wacomanche (kabila la wenyeji wa huko), Wamexico, hao pia waandike.