Alhamisi saa tatu usiku: namna ya kuendesha kundi la kusikiliza muziki

Nilikulia kambini, baba akiwa mwanajeshi. Kiswahili chetu tulikipata huko, na muziki pia: redio kaseti moja juu ya kiti, familia nne uani, na mtoto aliyepiga kelele wimbo ukiendelea alipelekwa kulala. Leo nashona nguo hapa Jinja, Uganda, na majirani wale wametawanyika Arua, Mbarara, Kampala, wengine Bunia, Kongo, ng'ambo ya mpaka. Kila Alhamisi usiku tunakutana kwenye kundi la WhatsApp na kusikiliza kama zamani. Naeleza tunavyofanya kwa sababu nimeingia makundi mengi ya muziki yakafa mikononi mwangu, yote kwa ugonjwa mmoja: watu wanamwaga nyimbo kutwa, hakuna anayesikiliza.

Anza na wachache. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 katika kundi moja, lakini mimi nilianza na tisa, na sasa tuko ishirini na wawili. Alika wale ambao wasipoonekana wiki moja utawauliza wako wapi.

Tangaza saa ya kila mji. Bunia iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Wiki ya kwanza niliandika "saa tatu usiku" basi, na wenzetu wa huko wakaingia sisi tumeshaagana. Niliumia sana, maana mmoja alikuwa amewakusanya watoto wake wasikilize. Siku hizi tangazo linasema: saa tatu Jinja, saa mbili Bunia.

Usirushe muziki kupitia simu ya kundi, yaani kupigia wote kisha kuweka simu kwenye spika. Simu hizo zimetengenezwa kubeba sauti ya mtu anayeongea. Vingine vingi huchukuliwa kuwa kelele na kupunguzwa, kwa hiyo ngoma zinakatika na gitaa la besi linapotea. Tena sauti humfikia kila mtu kwa wakati wake. Sisi tunafanya hivi: mchana, mwenye zamu anatuma kiungo cha wimbo pale ulipowekwa kihalali, YouTube au Spotify, ili msanii asikose haki yake. Kila mmoja anaufungua kwenye simu yake. Saa ikifika mwenye zamu anaandika "tatu, mbili, moja, piga", nasi tunabonyeza. Kupishana sekunde mbili hakumdhuru mtu. Aliyechelewa asiombe turudie. Angoje wimbo unaofuata.

Kuhusu bando: sauti tupu ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo nyimbo tatu za dakika saba ni kama MB 21. Video hula zaidi. Kwenye YouTube punguza ubora wa picha hadi 144p.

Nyimbo ziwe tatu. Tulijaribu sita, na kufikia wa nne nusu ya watu walikuwa wanapika.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolishikilia kuliko yote. Mwenye zamu akishahesabu, naingia kwenye mipangilio ya kundi na kuweka admini pekee ndio wanaoweza kutuma ujumbe. Kundi linanyamaza. Wimbo ukiisha, naliacha limefungwa dakika mbili zaidi. Afande mmoja mstaafu alinipigia simu kunilaumu: "Binti yangu, unatufungia mdomo?" Nikamwomba avumilie mwezi mmoja. Desemba ikafika, tukasikiliza nyimbo za Krismasi za Philly Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda, yule aliyejitokeza hadharani mwaka 1989 kusema ana virusi vya UKIMWI, akafariki Desemba 15 mwaka huo huo. Nyimbo hizo kila Desemba zinapigwa sokoni na kwenye taksi hadi masikio yanazipita. Usiku ule zilipoisha, dakika mbili zikapita, nikafungua. Wa kwanza kuongea alikuwa dada wa Mbarara ambaye hakuwahi kusema neno tangu aingie. Alituma sauti, akamtaja mama yake. Hakuna aliyejibu kwa kidole gumba. Walijibu kwa sauti zao, mmoja baada ya mwingine, hadi saa tano. Afande alikuwa wa mwisho.

Mwenye zamu atuambie nani anapiga na tufuate nini. Aliyeleta Afrigo Band, bendi ya hapa Uganda ambayo iko jukwaani tangu 1975, alisema: "Mwacheni mwimbaji, fuateni saksofoni ya Moses Matovu peke yake." Wimbo ukiwa wa Kilingala, watu wa Bunia wanatueleza maneno mapema.

Mara moja kwa mwezi hatutumi viungo. Mtu analeta alichorekodi mwenyewe, kwa ruhusa ya wapigaji. Kwetu Busoga kuna embaire, marimba makubwa ya mbao yanayowekwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini, wapigaji kadhaa wakiyazunguka. Shimo ndilo linalotoa mvumo wa chini. Mara ya kwanza niliinamisha simu karibu kabisa na mbao nikapata mpasuko mtupu. Mara ya pili nilirudi nyuma hatua kama kumi, nikaiegemeza simu kwenye kiti, ikatoka vizuri. Waambie wenzako wavae visikilizi, kwa kuwa spika ndogo ya simu haiwezi kuubeba mvumo ule. Mwenzetu wa Arua alileta adungu, yaani kinubi, ya mjomba wake, na kuku wanasikika nyuma. Tulimkataza asiifute sauti yao.

Walinde wanawake. Kwenye kundi la WhatsApp namba za wote huonekana, na mwenzetu mmoja alianza kupigiwa usiku. Nilimtoa aliyempigia siku hiyo hiyo bila mjadala. Kama kundi lako lina watu wasiojuana, tumia Telegram, ambako mtu anaweza kuficha namba yake.

Mwisho, nunua daftari. Simu yangu iliibwa na mazungumzo ya mwaka mzima yakaenda nayo. Sasa kila Alhamisi, kabla sijazima taa, naandika tarehe, nyimbo, aliyezileta na neno moja lililosemwa. Wiki ijayo zamu ni ya Afande. Ameahidi kaseti ya kambini, na mimi ndiye ninayetafuta redio ya kuichezea.