Wasiwasi upangie saa yake

Kama akili yako huanza kuhesabu madeni saa nane usiku, jaribu hili nililojifunza baada ya miezi ya kukosa usingizi: upangie wasiwasi saa yake. Mimi yangu ni saa kumi na moja jioni, dakika 20, na daftari dogo la mistari. Wazo likija nje ya muda huo, liandike kwa mstari mmoja tu ("ada ya Januari", "kifua cha mama"), kisha liambie tutaonana jioni, urudi kwenye ulichokuwa ukifanya. Jioni ikifika, kaa nalo kweli. Lenye la kufanya, andika hatua moja. Lisilo nalo, likate. Inasaidia kwa sababu wazo ukilifukuza hurudi na nguvu, lakini likipewa miadi hutulia. Sharti ni uitunze miadi hiyo kila siku, hata siku uliyoamka vizuri. Hasa siku hiyo, maana ndipo wengi tunapoacha. Wiki ya kwanza sikuona kitu. Ya tatu ndiyo nililala hadi adhana ya alfajiri. Usifanyie kitandani, wala karibu na saa ya kulala. Na kama wiki mbili mfululizo huna hamu ya chochote, kuinuka tu ni mzigo, au ukiwaza kujidhuru hata mara moja, daftari halitoshi: mwambie mtu wa karibu leo hii akusindikize hospitali.