Namna ya kuongoza kikao cha avenyu yenye makabila mengi, Lubumbashi

Hukumu ya mapema ni ile inayokaa moyoni kabla mwenzako hajafungua kinywa. Ubaguzi ni pale hukumu hiyo inapotoka moyoni na kumnyima mtu kitu: nyumba ya kupanga, zamu ya maji, nafasi ya kusema. Kikao kimoja cha avenyu, yaani cha mtaa, huko Katuba, Kenya au Ruashi, komini (sehemu za utawala) za jiji la Lubumbashi, hakiwezi kung'oa ya kwanza. Ya pili kinaweza kuizuia, mwongozaji akijiandaa.

Anza siku tatu kabla. Pita parseli kwa parseli, yaani kiwanja kwa kiwanja, na ajenda moja tu inayowagusa wote: pampu ya maji, mtaro, ulinzi wa usiku. Usikiite kikao cha "kupatanisha Wakasai na Wakatanga", yaani wenye asili ya Kasai na wenyeji wa Katanga, eneo la Lubumbashi. Watu watakuja wamejigawa kambi mbili, na kila msemaji atajiona anasemea kabila lake. Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1954 kwamba kukutana kunapunguza hukumu hizi watu wakiwa na hadhi sawa pale walipo, lengo moja, kazi ya pamoja, na mamlaka yanayowaunga mkono. Kwa hiyo shefu wa avenyu aje, ila akae kwenye duara kama wengine. Watu 12 hadi 15 wanatosha.

Lugha ndiyo inayoharibu kikao upesi. Wawili wanainamiana wakinong'ona Tshiluba, lugha ya Kasai, pengine kijana anamfafanulia mama yake neno lililompita, na waliokaa ng'ambo wanasikia njama. Au wengine wanacheka kwa Kibemba, na Mkasai anadhani anachekwa yeye. Chagua mfasiri kabla ya kuanza. Afasiri kila baada ya sentensi mbili au tatu, kwa sauti ya kusikika na wote, na wewe tenga dakika 90 badala ya 60. Atakayenung'unika kwamba Tshiluba ni lugha ya wageni, mkumbushe kuwa Katiba ya Kongo ya 2006 inaitaja kuwa lugha ya taifa sawa na Kiswahili, Lingala na Kikongo.

Fungua kwa salamu za lugha zote zilizopo. Mkasai akisema "Moyo!", kwake neno hilo ni uzima, sikio la Kiswahili linasikia kiungo cha mwili. Waeleze wote. Ni dakika tano tu, na kila mtu anajionea jinsi sikio linavyoweza kukosea hata kwa neno linalolijua.

Lawama ikizuka, gawa karatasi safu tatu: Nimeona, Nimedhani, Nimeuliza. Mama anasema: "Bale bote beko namna moya, banajipendelea." Muulize ameona nini hasa. Ameona jirani akipitisha ndoo sita za shangazi yake mbele ya wengine. Hilo ni la safu ya kwanza. "Banajipendelea" liende ya pili. Ya tatu mara nyingi iko tupu, basi jirani aulizwe papo hapo. Huenda shangazi alilipia zamu mbili. Huenda kweli alipendelewa, na hapo kosa lina mwenyewe, linarekebishika. Kosa la kabila zima, nani atalirekebisha?

Usimgeuzie mtu mmoja swali la "ninyi Wakasai mnaonaje". Muulize anaonaje yeye.

Kuna maneno yasiyongoja karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wakasai waliitwa "bilulu", yaani wadudu, hadharani huku Katanga; mwaka 1992 na 1993 maelfu kwa maelfu walifukuzwa, na familia zikalala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni. Neno kama hilo likitamkwa, hata kwa mzaha, mkatize msemaji hapo hapo. Usianze kuchunguza nia yake. Mwambie arudie hoja yake bila neno hilo.

Ubaguzi ukishatendeka, tuseme mwenye nyumba amemkataa mpangaji kwa kabila lake, usiuzime kwa "tusameheane". Andika tarehe, saa, maneno kama yalivyotamkwa na kwa lugha ile ile, pamoja na majina ya mashahidi. Ukabila ni kosa linaloadhibiwa na Sheria-amri namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966. Toa nakala mbili: moja ya kupeleka komini au kwa wakili, nyingine abaki nayo aliyetendewa.