Kuchapa kichujio cha GHz 2.45 kwa skrini na wino wa fedha

Juzi nilimsaidia kijana mmoja kuchapa kichujio chake cha kwanza, akakwama palepale nilipowahi kukwama mimi: kwenye oveni. Ndiyo maana hatua ya 5 hapa chini ni ndefu kuliko nyingine.

Tunachotengeneza ni mstari wa mikrostripu (ukanda wa metali juu ya bodi, na ardhi ya metali chini yake) wenye tawi moja la urefu wa robo ya wimbi, lenye ncha iliyo wazi. Tawi hilo linayazima mawimbi ya redio ya GHz 2.45 na kuyaacha masafa ya mbali nayo yapite.

1. Bodi. Chukua FR4 (bodi ya kawaida ya saketi, ya nyuzi za kioo na resini) ya milimita 1.6 yenye shaba upande mmoja. Shaba inabaki chini kama ardhi, na fedha inachapwa upande mtupu. Wengi husifu plastiki nyembamba. Mimi siitaki, hunywea kwenye joto.

2. Mchoro. Mstari wa omu 50 (ukinzani wake kwa mawimbi, si ule wa kupima kwa multimita) kwenye bodi hii una upana wa milimita 3 hivi. Robo ya wimbi ni karibu milimita 17, lakini ncha iliyo wazi hujifanya ndefu kuliko ilivyo, kwa hiyo chora tawi la milimita 16 na ushee. Ukikosea urefu kwa asilimia 1, masafa yanahama karibu MHz 25.

3. Skrini. Wavu wa chuma cha pua, nyuzi 200 kwa inchi. Polista ni rahisi lakini hulegea, na vipimo vinalegea nayo. Wavu ufungwe mshazari, digrii 22.5. Ukienda sambamba na mchoro, kingo zinatoka na meno kama ya msumeno, na umeme wa mikrowevu hupenda sana kupita kingoni.

4. Chapa. Vuta mpira wa kusukumia wino mara moja, bila kusita. Usirudie juu ya wino mbichi.

5. Ivisha. Mara yangu ya kwanza niliweka bodi ovenini, nikaitoa wino ulipokauka kwa kidole, nikagusa ncha mbili kwa multimita. Ikalia. Nikafurahi, nikafunga konekta, kisha nikapoteza siku nzima kutafuta kosa kwenye mchoro.

Mlio ule hulia hata kwenye omu 8, na ndizo nilizokuwa nazo. Soma namba, kisha hesabu miraba: mstari wa milimita 51 kwa 3 ni miraba 17, kwa hiyo omu 8 ni karibu nusu omu kwa kila mraba. Wino ulioiva vizuri hutoa sehemu ndogo tu ya hiyo. Kumbuka kutoa ukinzani wa nyaya za multimita yenyewe.

Unene nao una neno. Kwenye GHz 2.45 umeme hupita kwenye ngozi ya metali tu: mikroni 1.3 kwa fedha safi, kama mikroni 4 kwa wino unaopitisha umeme mara kumi chini yake. Nataka mikroni 12 au zaidi, yaani tabaka mbili. Kausha la kwanza kwa digrii 90 za Selsiasi, dakika 10, ndipo uchape la pili. Ukiruka moja kwa moja kwenye joto kali, uso unaganda na kimiminika kinanaswa chini.

Mwisho, digrii 130 kwa dakika 30. Usizidishe, FR4 ya kawaida hulainika karibu na hapo, hivyo ilaze juu ya bamba la chuma isijipinde. Namba ya kwenye kitufe cha oveni usiiamini. Weka kipimajoto kando ya bodi.

6. Konekta. Ardhi ichomelee kwenye shaba. Pini ya kati ibandike kwa gundi ya fedha, maana risasi ya kuchomelea hula wino.

7. Pima. Tumia VNA (kifaa kinachoonyesha ni kiasi gani cha mawimbi kinapita kwa kila masafa) inayofika GHz 3. Bodi yangu ile mbichi ilizima dB 17 tu (desibeli; zikiwa nyingi, kichujio kinazima zaidi). Iliyoiva ilifika 26. Ya kijana ilitua GHz 2.41. Tukakwangua ncha ya tawi kwa wembe, kidogo kidogo, na baada ya kama robo milimita ikasimama kwenye 2.45.