Namna ya Kumpata Mlezi wa Kiroho na Kujifunza Kwake

Mtu anayetaka kukua kiroho hapa Dodoma hakosi wa kumsikiliza. Ijumaa waumini hujaa katika Msikiti wa Gaddafi na katika misikiti midogo ya mitaani, Jumapili Waanglikana, Wakatoliki na Wapentekoste huamkia ibadani, na jioni nyingi spika za mikutano ya injili husikika mtaa hata mtaa. Walio wachache ni wale walio tayari kukusikiliza wewe, kwa utulivu na kwa muda mrefu, mpaka nawe uanze kujisikiliza mwenyewe. Mwongozo huu unahusu namna ya kumpata mtu wa aina hiyo, na namna ya kukaa naye ukishampata.

Kabla ya kumtafuta mlezi, tafuta daftari. Kwa usiku saba mfululizo, kabla ya kulala, andika kwa ufupi ni nini kilichokukasirisha siku hiyo, ni jambo gani ulilomficha mtu, na mawazo yako yalikuwa wapi wakati midomo yako ikisali. Waislamu wanaujua utaratibu huu kwa jina la muhasaba, na hunasibisha kwa Khalifa Umar bin al-Khattab wito wa mtu kujihesabu mwenyewe kabla hajahesabiwa. Wakatoliki wanaofuata malezi ya Ignatius wa Loyola hufanya uchunguzi wa dhamiri mara mbili kwa siku. Usiruke hatua hii. Ukienda kwa mlezi bila daftari, utampelekea mtu unayetamani kuwa, naye atabaki akimlea huyo ambaye hayupo.

Baada ya hapo, angalia watu walio karibu nawe, ukianza na wale ambao hawana jukwaa. Anaweza kuwa maalimu wa madrasa kule Kondoa, katekista wa kigango chenu, mama mmoja wa jumuiya ndogondogo, au mwinjilisti mstaafu. Mtazame anapokuwa nje ya ibada: anavyomjibu muuza mboga aliyekosea chenji, anavyomwita binti anayemsaidia kazi za nyumbani, na anavyolipokea neno la kumkosoa. Kisha muulize kwa adabu ni nani aliyemfundisha yeye. Katika elimu ya Kiislamu mwanachuoni hupewa ijaza, yaani idhini ya kufundisha, na mwalimu wake, naye mwalimu huyo aliipata kwa aliyemtangulia, kwa hiyo swali hilo halimshangazi mtu; kadhalika mchungaji aliyesomea chuo cha theolojia kama Msalato ana walimu anaoweza kuwataja na askofu anayemwajibisha. Anayekuambia kwamba hakuna binadamu aliyepata kumfundisha wala kumrekebisha, ningekushauri umuage kwa heshima.

Ukikubaliwa, nenda na jambo moja tu, na liwe jambo la kweli. Mimi nilijifunza hili Hombolo, kwa mzee aliyekuwa mwinjilisti kwa miaka mingi na ambaye siku hiyo alikuwa akipogoa mizabibu yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaendelea kukata matawi kwa mkasi huku mimi nikimsimulia, kwa karibu saa nzima, jinsi shemeji yangu alivyonidhulumu katika mgawo wa shamba la familia. Nilitarajia aya ya kunifariji, au angalau anionee huruma. Alipofika mwisho wa mstari wa mizabibu akaniuliza, "Mjukuu wangu, tangu ufike umemtaja shemeji yako mara ngapi?" Sikujua. "Na wewe mwenyewe umejitaja mara ngapi?" Nikanyamaza. Akaniagiza niende, na nikiwa tayari nirudi nimsimulie habari ileile bila kumtaja shemeji hata mara moja.

Ilinichukua wiki tatu. Kila nilipojaribu kuiandika, sentensi ilikatika katikati, mpaka usiku mmoja nikaandika kwamba niliufahamu mgawo ule mapema na nikakaa kimya kwa sababu nilimwogopa kaka yangu. Dhuluma ilibaki kuwa dhuluma, lakini kwa mara ya kwanza niliiona nafasi yangu ndani yake. Mzee hakuwa amenifundisha neno lolote jipya. Alikuwa ameniondolea mtu niliyekuwa nimejificha nyuma yake.

Biblia ina mfano wa kazi hiyo katika 1 Samweli 3. Mtoto Samweli, akiitwa na Mungu usiku, anamkimbilia kuhani Eli mara tatu akidhani ndiye anayemwita, na Eli, akiisha kutambua, anamrudisha kitandani na kumfundisha namna ya kuitika mwenyewe. Kulipokucha Eli alimtaka mtoto asimfiche ujumbe alioupokea, ijapokuwa ulikuwa wa hukumu juu ya nyumba yake Eli. Mpime mlezi wako kwa hilo: je, unaweza kumwambia ukweli unaomgusa yeye?

Kuhusu subira, wengi hutaja kisa cha Musa na mja yule mwenye elimu, ambaye wafasiri humwita Khidhr, katika Surat al-Kahf ya Qur'ani. Ni kweli kwamba kisa hicho kinamfundisha mwanafunzi asiwe na haraka ya kuhukumu. Hata hivyo, nimesikia kikitumiwa kumnyamazisha mtu aliyeumizwa, na hapo naomba kisomwe hadi mwisho, kwa maana mwalimu yule hakuachana na Musa kabla ya kumweleza sababu ya kila alilolitenda.

Zipo ishara ambazo hazihitaji subira. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msukumano wa kukimbilia mafuta ya upako ibadani. Hawakuwa wajinga, walikuwa watu wenye shida. Mlezi akidai fedha ili akuombee, akikutenga na ndugu zako, akikutaka mkutane faraghani kwa namna inayokutia hofu, au akikuambia uache dawa za presha, za kisukari au za kufubaza virusi vya UKIMWI, ondoka siku hiyohiyo na umweleze mtu mzima unayemwamini. Dawa usiache.

Kwa mengineyo, kukutana mara moja kwa mwezi kunatosha. Nenda na daftari lako, sema kwa ufupi, na ukipewa zoezi lifanye kabla ya kuomba jingine. Itafika siku utagundua kwamba swali ambalo mlezi angekuuliza umekwisha kujiuliza ukiwa njiani kwenda kwake. Mwambie hivyo, kisha mkubaliane kupunguza vikao. Na utakapopita tena kijijini kwake, mpelekee kilo ya sukari na ukae naye kama mjukuu aliyekuja kusalimia.