Somo: kupima nyenje wa pangoni (soma lote kabla ya kuniuliza)

Wiki hii nimeulizwa mara sita, "Nitajuaje mdudu amezoea maisha ya gizani?" Haya, naandika mara moja.

1. Ruhusa kwanza. Mapango kama Kitum, kule Mlima Elgon, yamo ndani ya hifadhi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

2. Tafuta nyenje wa pangoni na jamaa zao wa nje, chini ya mawe na magogo. Bila wa nje huna cha kulinganisha.

3. Mpige picha akiwa juu ya karatasi ya milimita, simu ikiwa wima juu yake.

4. Pima paja la nyuma, kipapasio na upana wa jicho, kisha gawanya kwa urefu wa gamba la shingo, lile gumu nyuma ya kichwa. Gamba, si mwili mzima! Hapa ndipo niliaibika. Wa pangoni nilikuwa nimewatia kwenye spiriti, wa nje niliwapima wakiwa hai, wote nikawagawanya kwa urefu wa mwili. Tumbo la nyenje ni kama kodiani: kwenye spiriti huvutika au hujikunja, na jike mwenye mayai hufura. Nikatoka na jibu kwamba wa pangoni ndio wenye miguu mifupi! Mwalimu akatazama jedwali, akauliza, "Hawa uliwapima au uliwanyoosha?" Tena, usichanganye watoto na wakubwa. Kipapasio kilichokatika ncha, kiache.

5. Miguu na vipapasio vikizidi vya jamaa wa nje, jicho likipungua, hapo una hoja kwamba mdudu amezoea giza.

MASWALI

Kevo_Kitale: Si nipime mwili wote tu?
— Hatua ya 4. Rudi.

Mtoto wa Menengai: Na ndovu wa Kitum?
— Ndovu ni mgeni, anafuata chumvi ukutani halafu anatoka. Popo pia hutoka usiku kula. Nao usiwashike: wagonjwa wa Marburg, homa hatari ya virusi inayobebwa na popo, wa 1980 na 1987 walikuwa wametembelea Kitum.

Akinyi: Jicho linapungua kwa kutotumiwa?
— Swali zuri, dada. Ingekuwa hivyo, mtoto angezaliwa na jicho zima. Samaki kipofu wa pangoni kule Mexico huanza kuunda jicho akiwa bado kiinitete, kisha linakufa na kufunikwa na ngozi. Ni urithi. Watafiti walipompandikizia lenzi ya ndugu yake anayeishi nje ya pango, jicho lilikua.

Kevo_Kitale: Wangu wanaruka nikiwasha tochi.
— Funika tochi na karatasi nyekundu ya peremende.

Akinyi: Mimi huwategea kwa omena kwenye kopo. Wanakuja wenyewe.
— Hiyo naiba.